Naomba ushauri: nitenge nafasi ngapi za hatua kwenye programu ya chesi?

Wakuu, naandika programu ya kucheza chesi na nimekwama kwenye orodha ya hatua halali: sijui nitenge nafasi ngapi za kumbukumbu ya kompyuta kwa ajili yake. Mchezo ukianza, mweupe ana hatua 20 tu. Lakini mwaka 1964 Nenad Petrović, mtunzi wa mafumbo ya chesi, alipanga ubao wenye malkia weupe tisa, yaani askari wote wanane wamepanda cheo, hatua zikafika 218! Malkia akiwa peke yake katikati ya ubao mtupu ana 27, ila wakiwa tisa huzibiana njia, ndiyo maana mpangilio ule unanivutia mno.

Sasa nitenge nafasi 218 kamili au 256? Programu yangu huorodhesha kwanza hata hatua zinazomwacha mfalme akishambuliwa, kisha inazichuja. Je, hapo 218 haiwezi kuzidiwa? Mliowahi kuandika hizi programu, nielekezeni tafadhali.