Lile jumba la Mizingani Zanzibar, kweli lilikuwa hospitali?

kondele_mmoja: Wadau mko aje. Mi niko hapa Kisumu lakini juzi nilienda Zanzibar kwa harusi ya binamu, sasa ukitoka bandarini ukitembea kidogo tu unakutana na jumba la ghorofa, roshani za mbao zimechongwa hadi unaogopa kugusa, vioo vya rangi, wanaita Old Dispensary. Nani hujenga zahanati ikae kama ikulu? Na wodi ziko wapi, juu sikuona hata moja

babu_milimani: Haikuanza kama zahanati kijana. Ilikuwa iwe hospitali ya maskini, pesa za Tharia Topan, tajiri Mkhoja (Mwislamu wa asili ya Kihindi) wa kutoka Kutch, India, aliyeshika forodha ya Sultani. Ujenzi ulianza 1887, jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria, kwa hivyo lazima ingeng'aa, ni sadaka lakini pia ni kujionyesha kwa Waingereza. 1890 wakampa cheo cha Sir, 1891 akafariki jengo halijaisha, mjane wake akasukuma likamalizika 1894. Hospitali yenyewe haikusimama vile alitaka. Likauzwa, mnunuzi akaweka zahanati chini, juu nyumba za kukaa. Wodi utaziona wapi

nyar_dunga: Na msisahau ni yeye alimkopesha Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa bara, pesa za misafara. Pembe na watumwa. Sadaka sawa lakini hesabu isomwe yote

fundi_wa_chokaa: Mi naangalia ukuta tu 😅 mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu ndio maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba, ua wa katikati ndio unaleta mwanga na hewa. Baada ya mapinduzi ya 1964 likaachwa, na paa likishavuja boriti zinaoza, kwisha. Mfuko wa Aga Khan wa utamaduni ukaja kulikarabati miaka ya 90. Ukuta kama huo usiguse na simiti, unyevu unafungiwa ndani plasta inabanduka yote

kondele_mmoja: Asanteni sana, mzee babu shukrani. Kwani huku kwetu hao matajiri hawakufika?

babu_milimani: Walifika. Allidina Visram alianzia Bagamoyo kwa Sewa Haji, yule ambaye hospitali yake Dar ya 1897 ndio chimbuko la Muhimbili, halafu reli ilipofika Kisumu 1901 akafungua maduka hadi huku