Gari la zamani likifungwa injini na giaboksi ya Toyota, bado ni urithi wa Tanga? Tujadili

Mwanzisha mada, Ngamiani

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Naleta hapa jambo linalobishaniwa gereji kwa gereji hapa mjini, maana kule linaishia kwenye kelele.

Kuna familia ya Chumbageni ina Peugeot 404 ya mwaka 1966. Ilinunuliwa na babu yao enzi ambazo mkonge bado ulikuwa na fedha. Gari limesimama muda mrefu na wajukuu wanataka litembee. Fundi amewashauri watoe injini, watoe na giaboksi ya manyuo yenye gia pale kwenye usukani, kisha waweke injini ya Toyota Mark II pamoja na giaboksi yake ya automatiki. Mafundi wengi wanaona ndiyo njia pekee. Wazee wanasema huko ni kuliua gari. Mambo ya familia yana wenyewe, lakini hili linatugusa wengi: magari haya ndiyo yanayobeba maharusi wetu, na wageni wanaokuja kuangalia majengo ya Kijerumani husimama kuyapiga picha. Zaidi ya hayo, likishafanyika hili moja, yatafuata mengine.

Msimamo wangu nautaja mapema: 404 hiyo isifanyiwe hivyo. Sipingi kila anayebadilisha injini. Ninachopinga ni kukata kitu ambacho hakiwezi kurudishwa, na kwenye 404 huwezi kuweka giaboksi hiyo bila kukata. Wanaoshabikia hawaielezi familia sehemu hii, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Propela ya 404, ile shafti inayopeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu ya nyuma, haiko wazi kama ya Mark II. Imefungiwa ndani ya bomba la chuma linalotoka kwenye difu, pale katikati ya ekseli ya nyuma, hadi nyuma ya giaboksi, na mbele linashikwa kwa kiungo cha duara. Bomba hilo si kifuniko tu. Magurudumu ya nyuma yanaposukuma, msukumo unapita humo kwenda mbele, na ndio unaolisogeza gari. Springi za nyuma ni za koili. Zinabeba uzito, lakini haziwezi kuizuia ekseli isiende mbele na nyuma. Sasa toa giaboksi ya Peugeot uweke ya Toyota: bomba halina tena pa kushika. Ukitoa bomba, ekseli inabaki haina kinachoishikilia. Itabidi ulete ekseli nyingine na uchomelee mikono mipya kwenye sakafu ambayo tayari imeliwa na kutu ya chumvi ya bahari yetu. Na difu lililotolewa, lenye skrubu ya chuma inayozungusha gurudumu la shaba nyeusi, litaishia kwa wanunua chuma chakavu. Ulianza na injini, ukamaliza umebadilisha gari kuanzia boneti mpaka buti.

Tuje mbele. Wafaransa waliilaza injini ya 404 upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Injini ya Mark II, tuseme ile 1G ya silinda sita, ni ndefu na inasimama wima zaidi. Itagombana na boneti juu, itagombana na rejeta mbele, na sampu, lile bakuli la mafuta, itagombana na krosmemba, chuma kinachokatiza chini ya injini. Kila mgogoro kati ya hiyo unamalizwa kwa grenda.

Halafu kuna breki. 404 za miaka hiyo zina breki za ngoma magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1960. Gari lilitoka kiwandani na nguvu za farasi kama 70 hivi. 1G za matoleo ya baadaye, zenye VVT-i, zinatoa 160. Unamkabidhi kijana nguvu mara mbili na zaidi, breki ni zile zile alizozijua babu yake, na giaboksi ya automatiki haimsaidii kulizuia gari mteremkoni kama inavyosaidia gia ya pili ya manyuo. Barabara ya Lushoto kwenda Mombo mnaifahamu, kilomita zaidi ya 30 za kona na korongo. Sijasikia hata mshabiki mmoja akianza na breki. Wote wanaanza na mlio wa injini.

Na 404 si gari la kawaida kwetu. Dereva wa Tanzania, Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 kwa gari la aina hii hii, kwenye vumbi na tope la Afrika Mashariki. Hilo la Chumbageni lilitoka kiwandani mwaka wa ushindi wa kwanza. Injini ya 404, ile ya 1618 cc, ndiyo iliyoifanya kazi ile.

Nawaachia uwanja. Anayepinga, anieleze lile bomba atalifanyaje.

Fundi wa Makorora

Mzee wangu, nakuheshimu, na hilo la bomba umelisema kweli. Ila umezungumza kama mtu ambaye hana mteja anayemsubiri. Pistoni za 404 naagiza wapi? Ringi? Beringi za krenki? Nikipata za Ufaransa, mteja akisikia bei anarudi nyumbani na gari linaendelea kuoza. Injini ya mtumba kutoka Japani naipata na giaboksi yake, waya zake na kontroboksi yake, ile kompyuta ya injini, na spea zake zinauzwa mpaka Muheza.

Nikukumbushe Land Rover za mashamba ya mkonge. Zile zinazotembea leo na injini za dizeli za Toyota, 2L na 3L, zingekuwa masufuria zamani sana kama tungesubiri spea za Uingereza. Gari linalotembea ndilo linalotunzwa. Linalosimama, kuku wanatagia humo.

Halafu tusiitukane automatiki. Nyingi zinazokufa baada ya kubadilishwa zimeuawa na mafundi wavivu. Mtu anafunga giaboksi, halafu anaacha kuunganisha mipira ya kupooza ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya automatiki, kwenye rejeta, eti rejeta ya zamani haina nafasi hiyo. Mafuta yanachemka, klachi za ndani zinaungua, lawama anapewa Toyota. Mwingine anafunga ovyo kebo inayotoka kwenye throto, giaboksi inabadilisha gia bila presha ya kutosha, nayo inaungua. Kibaya kuliko vyote ni kuruka swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye D. Anaunga waya moja kwa moja, siku moja mtoto anageuza ufunguo, gari linaruka ukutani. Na pampu ya mafuta: ya kabureta inasukuma presha ndogo sana, ya injini ya nozeli, isiyo na kabureta, inasukuma kama bar 3. Ukitumia mipira ile ile ya zamani umetengeneza jiko chini ya boneti. Haya yote yanarekebishika. Kinachotakiwa ni fundi makini, hakuna haja ya kukataza.

Mpita Njia

Nichomekee moja. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, taarifa zibadilishwe TRA na gari likaguliwe, na muuzaji wa injini akupe karatasi inayoonyesha ilikotoka. Wengi wanaruka hapa. Siku ya ajali, au siku ya kuuza, namba hazilingani na unaanza kuelezea kama mwizi.

Binti wa Raskazone

Ami yangu mwanzisha mada, umeandika kuhusu bomba, difu na boneti, ila hujaandika neno moja kuhusu mguu wa dereva. Mama yangu ana Mercedes 240D, zile W123, aliyoachiwa na baba. Ni manyuo. Goti lake la kushoto limekwisha na klachi hawezi tena, lakini kuendesha anaweza, na akili yake ni kali kuliko yangu. Mwaka jana tulianza kuzungumza habari za kuiuza. Alinyamaza siku nzima.

Kwa hiyo mnaposema gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, jueni kuna watu ambao maana yake kwao ni kunyang'anywa. Urithi ni wa nani kama mwenye gari hawezi kuliendesha? Mimi nataka automatiki kwenye gari la mama, na sitaki kuonekana nimevunja heshima ya baba.

Mwanzisha mada, Ngamiani

Binti yangu, naanza na wewe, maana umelileta jambo zito kuliko langu. Mbadilishie mama. Na hapa ndipo tofauti inapokaa: Mercedes wenyewe walitengeneza W123 za automatiki, hata hizo 240D. Tafuta giaboksi ya automatiki ya W123 yenyewe pamoja na propela yake, sehemu zake za kufungia, pedeli yake ya breki na rejeta yenye nafasi ya kupooza mafuta. Itakaa pale kiwanda kilipokusudia, bila grenda. Ile ya manyuo ipake mafuta uihifadhi ndani. Mjukuu akitaka kuirudisha, spana zitatosha. Kwa dizeli ile gari litakuwa zito kuondoka, mama aambiwe mapema. Na kuna jambo moja la kuuliza kabla hujatoa fedha: giaboksi hizo hutumia vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, kubadilisha gia kwa ulaini, na kwenye dizeli vakyumu inatoka kwenye pampu. Pampu ikichoka, gia zinapiga kama nyundo na fundi asiyejua atakuambia giaboksi imekufa.

Fundi, kuhusu Land Rover nakubaliana nawe. Ile ina chesisi ya ngazi na bodi imekaa juu yake; injini nyingine inaingia kwa mauntini mpya na sahani ya kuunganisha giaboksi, bodi haiguswi. Waingereza kwa miaka mingi walipima magari yaliyobadilishwa kwa pointi: chesisi au bodi inayojibeba 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1 tu. Lilitakiwa lipate angalau 8 kati ya 14, na chesisi iwe ya asili au mpya ya aina ile ile, isiyokatwa. Naona busara hapo. Injini waliihesabu kidogo, kwa sababu tangu zamani injini zinatoka na kuingia. Land Rover yako ya 3L inapita. 404 iliyokatwa sakafu haipiti, kwa kuwa bodi yake ndiyo chesisi yake, na ikishakatwa hakuna pointi za kuiokoa.

Tena hakuna aliyewaambia wajukuu wale injini ina ugonjwa gani. Imesimama, basi imehukumiwa. Petroli yenye risasi iliondoka kwetu karibu mwaka 2006, na baadhi ya injini za umri huo zilichoka siti za valvu, pale valvu zinapokalia, kwa sababu hiyo. Siti ngumu zinachongwa na kupachikwa kwenye silinda hedi, kazi ambayo karakana za Gerezani kule Dar zinaifanya. Pistoni sawa, ni ngumu kupata. Lakini nani amefungua akaziona? Mnaagiza injini ya Japani kutibu mgonjwa ambaye hajapimwa.

Ombi langu kwako ni hili. Kabla ya grenda, fungua silinda hedi mbele ya familia. Angalia siti, pima silinda, angalia bomba la nyuma na breki. Waelezwe kwa hesabu, njia zote mbili, wakiwa wanajua kwamba moja haina kurudi.

Fundi wa Makorora

Kufungua silinda hedi nakubali, na sitawatoza kwa kufungua. Bloku ikiwa nzima nitakwenda na wewe Gerezani, ila gasketi uitafute wewe, mimi nimeshaitafuta. Ikiwa imepasuka, mzee wangu, nakuja na mkanda wa kupimia, na hapo itabidi unionyeshe wewe injini nyingine ya 404 iko wapi. Breki nitaanza nazo kwa vyovyote. Hilo la mteremko wa Lushoto sina la kubisha.

Binti wa Raskazone

Fundi, ukimaliza na Chumbageni, pita nyumbani uikague pampu ya vakyumu ya gari la mama. Yeye mwenyewe atakuwepo, na ana maswali.