Sensa za kiti cha umeme: mawimbi ya sauti au leza?

MamaWawili: Wakuu, naombeni ushauri. Mwanangu anatumia kiti cha magurudumu cha umeme, na wiki hii lazima tuchague sensa za kukifungia, yaani vifaa vya kutambua vizuizi ili kisigonge vitu. Mawimbi ya sauti au leza?

FundiBetri: Mama, la msingi hujalisema. Anagonga mbele au akirudi nyuma? Shingo anaigeuza? Na sensa ipige kengele tu, au ipunguze mwendo yenyewe?

Tembea: Leza. Mawimbi ya sauti hutawanyika, mlango mwembamba unaonekana kama ukuta, kiti kinagoma kuingia.

Kizingiti: Tembea, leza hupenya kioo kana kwamba hakipo. Tena yangu ilifungwa chini, karibu na pa kuwekea miguu, na ilikuwa inaona usawa ule mmoja tu. Siku moja nikasogelea meza. Chini ya meza ni peupe, kwa hiyo ikaona njia iko wazi. Ubao ukanibana kifuani, mkono wangu ukakaza juu ya kijiti cha kuendeshea, kiti kikazidi kusukuma. Kupumua nilishindwa, kuita nilishindwa. Dada yangu ndiye aliyekimbia akazima swichi. Hadi leo nikiona meza moyo unaenda mbio.

MamaWawili: Pole sana ndugu yangu. Samahanini, ni akirudi nyuma, hasa akitoka kwenye lifti. Shingo haigeuki.

FundiBetri: Basi nyuma funga mbili za mawimbi ya sauti, kila kona moja. Kioo zinakiona, mradi kisiwe kimekaa mshazari mno. Pazia na nguo nzito ndizo humeza sauti.

Shangazi_K: Na ngazi? Sensa hizo zote zinatafuta kitu kilichopo mbele yake. Ukingo wa ngazi ni sakafu isiyokuwepo! Lazima moja itazame chini.

Tembea: Infraredi, yaani sensa ya mwanga usioonekana kwa macho, inafaa hapo, ila jua kali huichanganya, na zulia jeusi huweza kulidhania shimo.

Kizingiti: Mimi kiti kisimame chenyewe sitaki tena. Kikigoma katikati ya barabara je?

Shangazi_K: Ndiyo maana huwekwa kitufe cha kuizima sensa.

Kizingiti: Kitufe anakibonyeza nani, ikiwa mkono umekaza?

FundiBetri: Kuna swichi za kichwa, hata za kupuliza kwa mdomo. Mama, kijana anatumia mkono upi?

MamaWawili: Anaendesha kwa kidevu.

FundiBetri: Kumbe! Hilo lilitakiwa kuja mwanzo. Weka picha ya kiti kwa nyuma, tuanze upya.