Mrejesho: ubao wa kutundikia khanga ya bibi

Wakuu, salaam kutoka Mafinga. Mwezi uliopita niliwauliza jinsi ya kuchonga ubao wa ukutani wa kutundikia khanga ya marehemu bibi bila kuitoboa kwa misumari. Umekamilika, uko ukutani tangu Jumapili.

Nilianza na paini, maana huku Mufindi ndiyo imejaa. Ikanishinda. Mistari yake imepishana ugumu: patasi inazama kwenye sehemu laini, kisha inaruka ikigusa mstari mgumu. Ua la kwanza lilimeguka. Tena ina utomvu, nikahofia khanga. Fundi jirani akanigawia mninga, sentimita 160, maana khanga ina kama 150 na nilitaka jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye khanga, lisomeke lote. Hapo nikaonja raha ya kuchonga! Nikaacha maua, nikaiga ususi wa vikapu vya Iringa.

Aliyenishauri mbao mbili zinazobana pindo zima, na skrubu nje ya kitambaa, asante sana. Wa mbele nimeuranda ubaki mnene kidogo katikati kwa ndani, la sivyo kati hapabani. Mbao tupu hutoa asidi inayochakaza nguo taratibu, kwa hiyo ndani nimetandika kitambaa cha marekani kilichofuliwa. Ukuta unaopigwa na jua nimeukwepa kabisa.

Mama alisoma jina, akakaa chini, akalia. Kisha akafungua sanduku akatoa khanga nyingine. Naanza ubao wake wiki hii.