Silki wanakaribia miezi mitatu: yupi tetea, yupi jogoo, na hawa wa kijivu ni rangi gani?

BintiSakina

Habari za jioni wafugaji. Nipo Sakina, Arusha, nyumba ya kupanga. Nina vifaranga sita wa Silki, ile mbegu ya kuku wenye manyoya laini kama hariri, wote wa mtotoleo mmoja, wanakaribia miezi mitatu. Mama mwenye nyumba ameshatoa msimamo: matetea hana neno nao, ila jogoo wa kuwaamshia wapangaji alfajiri hamtaki. Kwa hiyo inabidi nijue mapema nani abaki nani aondoke, nisije nikauza matetea nikabaki na wawikaji.

Kuku wa kienyeji umri huu jogoo ameshajitangaza mwenyewe, upanga mwekundu na mkia umeanza kujikunja. Hawa mkia wenyewe ni fundo la manyoya, upanga umezama ndani ya kishungi, na ngozi ni nyeusi tii kwa wote sita. Naangalia mpaka macho yanauma.

La pili ni rangi. Wawili walizaliwa njano mpauko, sasa wamekuwa weupe. Mmoja alizaliwa mweusi mwenye tumbo jeupe. Mmoja ni mweupe mchafu mwenye mabaka ya moshi. Wawili ni wa kijivu, na aliyeniuzia alisema hao ni lavenda, akawapandishia bei kwa sababu hiyo. Ni kweli? Picha nitaweka bando likiruhusu.

Kamanda_Mbauda

Mbona rahisi. Tia uzi kwenye sindano, ining'inize juu ya kifaranga. Ikizunguka ni tetea, ikienda mbele na nyuma ni jogoo. Bibi yangu hakuwahi kukosea.

MamaRau

Marahaba kwa wote mtakaonisalimia baadaye.

Kamanda, sindano inazunguka kwa sababu mkono unatikisika. Jinsia ni mbili tu, hata ukibahatisha macho umefumba nusu utapatia, na bibi wa watu anakumbukwa kwa hiyo nusu.

Binti, mimi nafuga hawa kuku huku Rau, Moshi. Silki akiwa chini ya miezi minne simtajii mteja jinsia yake hata aweke hela mezani. Namwambia ninayemshuku, basi. Wengine hawajionyeshi kabisa mpaka awike au atage, na tetea wa Silki anaweza kufika mwezi wa saba au wa nane ndipo akupe yai la kwanza. Ukiona mtu anauza vifaranga wa wiki moja akisema "hawa matetea watupu", mpe pole upite.

Ila kushuku kuna namna yake. Subiri jioni wakishatulia. Hawahangaiki na kichanja, wanalala chini wamerundikana kona moja, kwa hiyo hutawakimbiza. Mchukue mmoja, mbane kwapani taratibu, mwanga wa simu umulike kutoka pembeni. Kwa dole gumba gawa manyoya ya kwenye paji, pale mdomo unapoanzia. Tetea wa umri huo utamkuta na kitu kidogo chembamba kama punje ya kunde, kimelala. Pora upanga wake umeshaanza kutanuka, na unatanuka kwa upana kabla ya kupanda juu. Pitisha kidole: una matuta, na umeinuka. Usitafute wekundu. Upanga wa Silki halisi ni mweusi wenye uzambarau, akiwa mwekundu kabisa hana sifa zote za mbegu yake, huenda kachanganywa. Hesabu na vidole vya mguu, awe na vitano.

Ukimaliza upanga njoo kwenye kishungi, mtazame kwa juu. Cha tetea ni cha mviringo, kimejaa pande zote. Cha pora kinalalia nyuma, na baadaye kinachomoza nyuzi ndefu nyembamba kuelekea shingoni. Hizo nyuzi kwangu ndizo ushahidi mzito, ila wengine huzitoa wakishapita miezi minne. Ndevu za nyama chini ya mdomo usizitegemee sana, kuna Silki wenye ndevu za manyoya na hao hata jogoo zake za nyama ni ndogo, zimefichwa.

Tabia nayo ina mchango wake. Mwenye kusimama wima, kifua mbele, mbwa akipita uani, huyo namwekea alama. Lakini matetea nao hupigana kugombea cheo, usimhukumu mtu kwa ugomvi mmoja.

Cha muhimu ni kulinganisha wa mtotoleo mmoja tu. Funga kila mmoja uzi wa rangi yake mguuni, uandike ulichoona, urudie baada ya wiki mbili. Na uzi uulegeze mara kwa mara. Miguu yao imejaa manyoya, uzi unaweza kukata nyama wewe huoni.

BintiSakina

Shikamoo mama. Nimewakagua usiku huu. Mweupe mmoja upanga wake ni mpana, una matuta mawili, ukimgusa anageuza kichwa kwa hasira. Mweusi na yule wa mabaka wana hiyo punje. Mweupe wa pili na wa kijivu wote wawili sijui niseme nini, wako katikati. Halafu jirani kaniambia nikunjue bawa niangalie urefu wa manyoya, au nipeleke kwa mtu awaminye nyuma.

MamaRau

Marahaba mwanangu. Bawa linasoma kwa kuku wa kisasa waliopandishwa maksudi ili majike yaote manyoya ya bawa mapema kuliko madume, tena linasomwa siku za mwanzo tu. Silki hawajapandishwa hivyo. Kuminya nyuma ni kazi ya waliofunzwa, na ni ya kifaranga wa siku moja. Wako wameshapita, watakuumizia utumbo bure.

Huyo mweupe wa hasira weka uzi mwekundu. Walio katikati waache katikati, usilazimishe jibu. Mara nyingi anayechelewa kuota upanga ni tetea, ila mara nyingi siyo mara zote.

Rangi namwachia Mangi, yeye ndiye mwenye daftari.

MangiUsa

Nipo. Dada, jibu la rangi umelitoa mwenyewe bila kujua. Huyo wa mabaka ya moshi ndiye tunayemwita spleshi, na spleshi hazaliwi mpaka baba na mama wote wawe na chembe ya urithi ya bluu, na bluu ya kuku kwa macho ni kijivu. Ukipandisha bluu kwa bluu, kwa wastani robo wanatoka weusi, nusu bluu, robo spleshi. Weusi kwa spleshi wanatoka bluu watupu. Sasa kwenye mtotoleo mmoja una mweusi, una spleshi, na una wawili wa kijivu. Hao wa kijivu karibu hakika ni bluu. Bluu ni kuku mzuri sana, ila siyo lavenda.

Lavenda inajificha, kifaranga lazima airithi kwa wazazi wote wawili, na akikua anakuwa na kijivu chepesi cha aina moja mwili mzima. Bluu mara nyingi kichwa na shingo vinakoza kuliko mgongo. Watazame juani, siyo ndani ya banda. Aliyekuuzia muulize jogoo wake ana rangi gani.

Mweusi mwenye tumbo jeupe usimtilie shaka, weupe wa kifaranga huondoka akibadilisha manyoya. Njano mpauko kuwa mweupe ndiyo kawaida. Angekuwa wa rangi ya dhahabu angezaliwa na njano iliyokolea. Weupe nao hufunika rangi nyingine chini yake, kwa hiyo hao wawili wakija kuzaa na bluu usishangae utakachokiona.

Na rangi haikwambii jinsia hapo, usije ukadhani weupe wote ni majogoo.

BintiSakina

Asante kaka, bei nitaenda kuidai. Huyu wa uzi mwekundu akiwika nitampeleka kwa shangazi Ngaramtoni, ana matetea wa kienyeji. Watazaa vifaranga wa manyoya haya haya?

MangiUsa

Hapana, watatoka na manyoya ya kawaida wote. Manyoya ya hariri yanarithiwa kwa kujificha, yanarudi ukimpandisha mtoto na Silki tena.

Lakini hapo ndipo utamu ulipo. Waingereza wawili, William Bateson na Reginald Punnett, walipandisha jogoo wa Silki kwa matetea wa kahawia wa mbegu ya Leghorn, wakaandika matokeo mwaka 1911: majike yalitoka na ngozi nyeusi, madume yakatoka na ngozi nyepesi. Kwa hiyo kama matetea wa shangazi wana miguu ya njano au myeupe, vifaranga wakianguliwa angalia ngozi na miguu. Weusi mara nyingi watakuwa matetea, weupe majogoo, na utajua siku hiyo hiyo. Kwa Silki kwa Silki njia hiyo haipo, wote weusi.

MamaRau

Mwambie shangazi banda lisivuje. Manyoya ya Silki hayazuii maji, na Ngaramtoni mwezi wa sita na wa saba kuna baridi yake. Na chanjo ya kideri apewe kabla hajachanganywa na wale wa uani.