Phaser, Godot au Unity kwa gemu ya brauza ukiwa peke yako? Na kwenye simu mnajaribuje?

mjenzi_usiku
Wakuu habari zenu. Natengeneza gemu ya mafumbo ya 2D, ile ya kusukuma maboksi mpaka yakae mahali pake, naifanya usiku nikitoka kazini na niko peke yangu. Nataka mtu abonyeze linki aanze kucheza hapohapo, asidaunilodi kitu. Nimeshagusagusa injini (zana za kutengenezea gemu) Phaser, Godot na Unity na kila moja ina kitu nakipenda, sasa nimekwama kuchagua. JavaScript naielewa vizuri, C# kidogo. Shida ya pili, kile kijaribio nilichofanya na Phaser kwenye laptopu kinaenda safi ila kwenye simu kinakwamakwama, sauti haitoki kabisa, na simu haina konsoli (sehemu brauza inapoandika makosa) kwahiyo hata kosa lilipo silioni. Nyie mnatumia nini na mnajaribuje?

fremu60
Mkuu kama JavaScript unaijua na gemu ni ya 2D, baki na Phaser. Sababu yangu kubwa ni uzito. Phaser yenyewe ni kama MB 1 hivi na seva ikiibana inashuka sana, wakati Godot 4 lile faili la WebAssembly (injini yenyewe iliyogeuzwa iende ndani ya brauza) peke yake linapita MB 20 kabla halijabanwa na hapo hujaweka picha hata moja. Mtu wa simu akiona mstari wa kulodi umesimama anafunga anaenda zake. Halafu kuna huo muda wako wa usiku: ukitumia Vite (seva ndogo ya kujaribia kwenye laptopu), ukisevu faili tu ukurasa unajibadilisha wenyewe, unaona jibu saa hiyohiyo, ila Unity ukitaka kuona gemu ndani ya brauza yenyewe lazima ubildi (ugeuze mradi uwe faili za wavuti), usubiri, ndo ujue kitufe kimekaa vibaya, unarekebisha, unabildi tena. Kwa mtu mwenye saa mbili kwa siku hiyo inaumiza sana.

Sauti: brauza za sasa zinazuia sauti mpaka mtumiaji aguse kitu, Chrome ilianza hivyo 2018. AudioContext, ile sehemu ya brauza inayopiga sauti, inazaliwa ikiwa imelala. Weka skrini ya mwanzo yenye "Gusa kuanza" na sauti uiamshe kwenye mguso huohuo.

nyota_pikseli
Uzito sawa, ila hapo kwenye muda tusimalize haraka hivyo. Gemu ya mafumbo kazi yake kubwa ni levo, sio kodi. Ukiwa na levo 40 utakuwa unahamisha maboksi kila siku, na Godot ina edita humohumo, unavuta boksi kwa mausi unaliweka, unabonyeza unacheza. Mi natumia Godot na wachezaji wangu wanasubiri kidogo wanaingia.

Ila ukiichukua jua haya mapema yasije yakakukuta umeshafika mbali. Chagua renda (mfumo wa kuchora picha) ya Compatibility toka siku ya kwanza maana kwenye wavuti inatumia WebGL 2 (njia ya brauza ya kuchora kwa chipu ya picha), zile taa na madoido ya renda nyingine hutayapata. Andika GDScript (lugha ya Godot yenyewe), mi niko toleo la 4.3 na mradi wa C# hauekspoti kwenda wavuti. Na eksporti ya thredi (kufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja) izime, kabla ya 4.3 (ilitoka 2024) Godot 4 ilikuwa inataka SharedArrayBuffer (memori ya pamoja ya thredi) na hiyo brauza haikupi mpaka seva itume heda (maelekezo kwa brauza) mbili, COOP na COEP, na hosti nyingi za bure hazikuruhusu kuweka heda zako mwenyewe. GitHub Pages kwa mfano hairuhusu.

fremu60
Hapo kwenye levo umenishika nakubali. Ila Phaser inasoma ramani za Tiled (programu ya kuchorea levo) moja kwa moja, unachora levo kwenye Tiled, unaekspoti faili la JSON, inaingia. Sio edita kamili lakini kwa maboksi na kuta inatosha kabisa.

asha_kodi
Haijatajwa GDevelop, ni ya bure, kodi yake iko wazi na huandiki mistari ya programu, unapanga matukio tu. Kwa asiyejua kodi ningemwambia aanze hapo. Kwako we unayeijua JavaScript naona itakubana mapema.

mkaguzi_gemu
Nimesoma yote, mnabishana injini tu na mwenzetu kasema simu inakwama. Injini yoyote atakayochukua bila njia nzuri ya kujaribu kwenye simu atarudi hapahapa na swali lilelile.

Mjenzi fanya hivi. Simu ya Android, washa USB debugging (ruhusa ya laptopu kuichunguza simu), ichomeke kwenye laptopu, fungua chrome://inspect kwenye Chrome ya laptopu, kuna sehemu ya port forwarding (simu inafikia seva ya laptopu kwa waya), ielekeze 5173, namba ya mlango wa Vite, kama unaitumia. Sasa kwenye simu fungua localhost:5173, gemu inakuja, na konsoli ya simu unaisoma kwenye laptopu, makosa yote, memori, kila kitu. Wengi wanaingia kwa namba ya wifi, 192.168 na kuendelea, inafungua kweli, lakini brauza inahesabu hiyo anwani sio salama kwasababu ni http tupu, ndo unakuta service worker (skripti inayokaa nyuma ya ukurasa) haifanyi kazi, SharedArrayBuffer haipo, unahangaika na bagi ambayo sio ya gemu yako. Localhost inahesabiwa salama ndo maana njia ya waya ni bora. Kwa iPhone unahitaji Mac na Safari, kama huna weka skripti ya Eruda, inakuchorea konsoli ndani ya ukurasa, ila kumbuka kuitoa kabla hujatoa gemu kwa watu.

Kama simu yako ni nzuri kuliko za wachezaji, kwenye DevTools (zana za ukaguzi ndani ya Chrome) upande wa Performance unaweza kupunguza nguvu ya CPU mara 4 au mara 6. Haifanani kabisa na simu dhaifu kwasababu GPU (chipu ya picha) haiguswi, lakini inakuonyesha kodi inayokula muda.

Na hili naliona kwenye magemu mengi ninayojaribu linanisikitisha maana kazi nzuri inaharibika: mwendo umefungwa kwenye fremu. Unasogeza boksi pikseli 4 kila fremu, kwenye skrini ya 60Hz sawa, kwenye simu ya 120Hz gemu inakimbia mara mbili. Zidisha kwa delta (muda uliopita toka fremu iliyotangulia). Na delta uiwekee kikomo, mtu akihamia kichupo kingine requestAnimationFrame (wito wa brauza wa kuchora kila fremu) inasimama, akirudi baada ya dakika tano delta ni kubwa mno na kila kitu kinaruka kinapita ukuta.

mjenzi_usiku
Aisee mkaguzi shukrani sana, njia ya waya imekubali na kosa nimeliona ndani ya nusu saa baada ya wiki mbili za kubahatisha. Canvas (eneo gemu inapochorwa) nilikuwa naizidisha kwa devicePixelRatio (pikseli halisi za skrini kwa kila pikseli ya ukurasa) upana na urefu, simu yangu ni 3, maana yake pikseli mara 9 zinachorwa kila fremu kwa gemu ya maboksi! Nimeweka kikomo 2, imetulia. Sauti nayo imetoka kwa hiyo gusa kuanza.

Nabaki na Phaser na Tiled. Nyota, Godot nitaichukua kwa gemu inayofuata, ile edita naipenda kweli. Sasa nataka kuiweka itch.io, tovuti ya kupandishia magemu, watu wajaribu, kuna cha kuangalia?

nyota_pikseli
Sawa kabisa, kwa hii umechagua vizuri. Zipu yako index.html iwe juu kabisa isiwe ndani ya folda nyingine. Linki za faili zianze na ./ zisianze na / na kwenye Vite hiyo ni base: './' kwenye konfigi. Na majina ya faili, Windows haijali Boksi.PNG na boksi.png lakini kwenye seva ni vitu viwili tofauti, picha haitatokea.

mkaguzi_gemu
Ongezea hapo: gemu itakuwa ndani ya iframe (ukurasa ndani ya ukurasa). Kuna brauza zikizuia kuki za watu wa tatu hata kuigusa localStorage (hifadhi ya brauza ya kusevia) inatupa kosa na gemu inakufa kabla ya menyu, kwahiyo funga kila kusevu na kusoma ndani ya try/catch (kodi inayodaka kosa), ikishindikana acha mtu acheze bila kusevu. Mishale na spesi izuie isisogeze ukurasa, canvas iwekee touch-action: none ili kidole nacho kisiusogeze. Ukimaliza ifungue kwenye dirisha la faragha kwenye simu, sio lile uliloingilia akaunti, kashi ya zamani isikudanganye. Tupia linki hapa usiku nitaicheza levo zote.