Tumelipa laki nane na nusu ya "mafunzo ya juu ya vitendo" kwa watibabu wa sanaa, tumeishia kuangalia slaidi

Wakuu habari za jioni. Nilisema nisubiri hasira zipoe ndo niandike, hazijapoa, naona zinazidi tu, kwa hiyo naleta hapa ili mwenye mpango wa kulipia awamu inayofuata asome kwanza kabla hajatuma hela. Jina la waandaaji sitaji, walioshiriki tunajuana.

Mimi ni mshauri nasaha, sehemu kubwa ya kazi yangu ni watoto waliofanyiwa ukatili, na sanaa naitumia kila siku kwa sababu mtoto wa miaka saba humkalishi kwenye kiti ukamwambia haya nieleze ulijisikiaje. Anachora, anakata magazeti, anakanda udongo, maneno yanakuja baadae au hayaji kabisa na kazi inaendelea hivyo hivyo. Hapa kwetu wengi tunaofanya hii kazi tumejifunza kwa kuungaunga, semina hapa, kozi ya mtandaoni pale, kitabu cha kuazima. Sasa likija tangazo linasema mafunzo ya JUU, ya VITENDO, kwa watu ambao TAYARI wapo kazini, na limeandika kabisa kwamba kutakuwa na udongo, rangi, kolaji (kukata na kubandika picha), mazoezi ya watu watatu watatu, na kila mtu alete kesi yake aipitie na supavaiza, yaani mtibabu mzoefu anayesimamia kazi yako, unafikiri tungefanyaje? Tulikimbilia. Kuna dada alitoka Mbeya na basi akapanga lodge Sinza kwa hela yake. Kuna mama muuguzi alikopa kwenye kikoba. Tangazo ninalo mpaka leo kwenye simu, neno kwa neno.

Tumefika ukumbini viti vimepangwa mistari kama mkutano wa wazazi, projekta mbele, meza ya kufanyia kazi hamna hata moja. Nikajua hapa hamna udongo.

Asubuhi nzima ya kwanza ni historia. Adrian Hill alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu Uingereza, akachora akiwa sanatoriamu, 1942 akaipa hii kazi jina, tiba ya sanaa. Margaret Naumburg akawa mwanzilishi wake Marekani. Chama cha watibabu wa sanaa cha Uingereza 1964, cha Marekani 1969. Sawa, ni kweli yote, ila haya mtu anayasoma wiki ya kwanza tu akianza kupenda hii fani, hatukulipia laki nane na nusu na nauli juu kuja kusomewa haya kwenye slaidi na mtu aliyetupa mgongo. Na kilichoniuma zaidi, alipitisha slaidi ya michoro ya watoto wa Terezín, lile geto ambako Wanazi waliwafungia Wayahudi, kama pambo tu, sekunde chache akaendelea. Yule mwalimu wao Friedl Dicker-Brandeis alikuwa amefungwa geto pamoja na hao watoto, karatasi hamna, wanachora nyuma ya fomu za ofisi zilizokwisha tumika, wanakata na kubandika chochote kinachopatikana, na bado kila mtoto mikono yake ilikuwa kazini. Yeye aliuawa Auschwitz 1944, michoro kama 4,500 ikabaki kwenye masanduku mawili. Edith Kramer aliyekuja kuijenga hii kazi New York ni mwanafunzi wake huyo huyo. Watu hawana karatasi na wanafanya kwa vitendo, nyie mmekusanya mamilioni mmeshindwa kununua ndoo mbili za udongo kwa mama mfinyanzi??

Udongo wenyewe ulikuja siku ya pili, na haukuwa udongo. Ni zile plastisini za watoto wa chekechea, vipande vidogo vya rangi rangi, kimoja kimoja kila mtu. Mtu anayejua hii kazi ananielewa. Udongo wa mfinyanzi una uzito, una ubaridi, unanata, unachafua, unaweza kuupiga ngumi ukaubonda ukaanza upya, na hapo ndo tiba yenyewe inapokaa. Na hapo hapo ndo hatari inapokaa, maana mtu aliyebakwa ukimwekea udongo mbichi wenye maji mikononi kabla hajawa tayari mwili unaweza ukakumbuka kabla ya akili na hapo inabidi wewe ujue cha kufanya dakika hiyo hiyo. Hicho ndo kitu cha ngazi ya juu. Tangu 1978 Kagin na Lusebrink walishaeleza jinsi vifaa vinavyomgusa mtu kwa ngazi tofauti, mwili, hisia, fikra, na kila mtibabu anatakiwa ajue kwamba penseli na kolaji vinampa mteja breki, hisia hazimzidi, rangi ya maji na rangi ya vidole vinaachia breki. Haya huyajui kwa kusoma. Unayajua ukishika wewe mwenyewe, unachora na penseli, unahamia chaki, unahamia pastel ya mafuta, unahamia rangi ya maji inayokukimbia kwenye karatasi, na mtu yuko pembeni anakuangalia mabega na pumzi yako. Siku nzima ingeweza kuishia hapo na mimi ningeondoka nimeridhika kabisa.

Kaka mmoja anafanya kazi na vijana akauliza swali zuri sana, je zile rangi za Tingatinga, zile za bati za makopo, anaweza kutumia na vijana wake maana ndo anazozipata bei rahisi? Mwezeshaji kajibu "rangi ni rangi". Jamani!! Ile ni inameli, ina harufu kali ya kemikali, huwezi kuifungulia chumba kisicho na dirisha na vijana kumi ndani, ukimaliza, kuisafisha kunahitaji thina, mtoto akipata kwenye macho ni hospitali. Mtu anajiita mkufunzi wa wakufunzi na hajui usalama wa vifaa.

Sasa njooni kwenye mti.

Zoezi pekee la kuchora tulilofanya lilikuwa "chora mti". Tukachora. Kisha mwezeshaji akaita watu mbele mmoja mmoja na mchoro wake, akatoa RULA, akaanza kupima shina kutoka chini mpaka juu, eti shina ni umri wako wote, ukiwa na umri fulani na shimo lipo sentimita fulani basi uliumizwa ukiwa na miaka fulani. Mbele za watu. Anapiga hesabu kwenye simu. Yule mama muuguzi alikuwa amechora mbuyu wenye shimo kubwa kwenye shina, akaambiwa wewe ulipata jeraha kubwa utotoni miaka kama sita saba, hebu tuambie nini kilitokea. Mama akasema kwetu Dodoma mibuyu ina mashimo, mbuyu wa nyumbani kwao una shimo, wao wakiwa watoto walikuwa wanaingia humo kucheza. Akajibiwa "hiyo ni kukana, ni kawaida, jeraha linajificha". Mtu kachora mbuyu aliokua nao!

Vipimo vya kuchora nyumba, mti na mtu vimekuwepo tangu John Buck 1948 na vimepingwa miaka na miaka kwa sababu hii hii, kwamba msomaji wa mchoro anajisomea yaliyomo kichwani mwake. Mtibabu wa sanaa wa leo hasomi mchoro wa mtu kama mpiga ramli, anauliza, anakaa kimya, anamwacha mwenye mchoro aseme, na akisema mbuyu ni mbuyu basi ni mbuyu mpaka yeye mwenyewe aseme vingine. Sasa wale washiriki wanarudi mikoani na rula mfukoni. Kesho anampimia binti wa darasa la nne, anaandika kwenye ripoti ya ustawi wa jamii kwamba alibakwa akiwa na miaka mitano kwa ushahidi wa shimo la mti. Mnaelewa hiyo inaweza kumpeleka baba wa watu wapi? Au kinyume chake, mtoto aliyeumizwa kweli kachora mti mzima hauna shimo, anaambiwa huna tatizo.

Bado. Yule dada wa Mbeya kwenye zoezi hilo hilo alichora mti umekatwa, akaanza kulia, amefiwa na mtoto si muda mrefu. Mwezeshaji akampa tishu, akasema "hii ndo nguvu ya sanaa", halafu msaidizi wake akapiga picha mchoro NA yeye akiwa analia, jioni ipo Instagram ya waandaaji na maneno ya kujisifu. Hakuulizwa. Mchoro wa mteja ni siri yake kama faili la hospitali, una folda yake, una kabati lake lenye ufunguo, kuutoa nje unahitaji ridhaa ya maandishi, hili ni jambo la kwanza kabisa kwenye maadili ya kazi. Na baada ya kulia vile hakuna aliyekaa naye, hakuna kufunga zoezi, tukaambiwa chakula tayari, yeye akabaki amekaa pale na karatasi yake mapajani. Mimi na mwenzangu ndo tulienda kukaa naye.

Supavisheni ya kesi zetu? Tuliambiwa muda umeisha, tutume kwenye grupu la WhatsApp. Kesi za watoto, na michoro yao, kwenye grupu la WhatsApp!

Wenzetu hii kazi wanaichukulia ilivyo. Uingereza huwezi kujiita mtibabu wa sanaa kama hujasajiliwa, jina lenyewe linalindwa na sheria, na ukiwa mwanafunzi unapitia tiba yako binafsi kwanza ujue kukaa upande ule inakuwaje. Marekani kwa miaka mingi kiwango cha masomo kilikuwa masaa 100 ya mazoezi na mengine 600 ya kazi na wateja chini ya supavaiza. Msiniambie ni mambo ya wazungu, Afrika Kusini wanasajili watibabu wa sanaa kwenye baraza lao la taaluma za afya, ni Waafrika wenzetu. Sisi tumepewa cheti cha "Mtibabu wa Sanaa Ngazi ya Juu" chenye muhuri wa dhahabu, majina yalishachapishwa kabla mafunzo hayajaanza, hata aliyeondoka siku ya pili cheti chake kilikuwepo mezani.

Ninachotaka ni hivi: ile picha ya dada iondolewe na aombwe radhi, hela zirudishwe, na yule mwezeshaji aseme hadharani alisomea wapi na supavaiza wake ni nani. Nilimuuliza ana kwa ana, akasema ana "uzoefu wa kimataifa".

NYONGEZA: Nimesoma maoni yenu. Mliosema "si ulipata cheti, tulia", mimi kazi yangu sio kukusanya vyeti, nina watoto wananisubiri jumatatu na sina kipya cha kuwapelekea. Aliyeuliza kama kuna la kufanya kisheria: Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu huduma anayouziwa, na tangazo lao liko wazi, udongo, rangi, supavaiza, vyote vimeandikwa. Tuliopo grupuni tumeshaanza kuandika barua ya pamoja. Picha imefutwa mchana huu baada ya mimi kuwapigia kelele, ila radhi bado hawajamuomba. Kama ulishiriki na una risiti au ujumbe wa muamala usifute, nitumie inbox jina na kiasi ulicholipa kabla ya ijumaa, barua tunaipeleka kwa mkono.